Seva ina RAM ya kutosha, kwa nini inakataa kuanzisha thredi mpya?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia seva ya ushirika wetu wa akiba na mikopo. Ni Linux, Debian 10, RAM GB 16, na juu yake kuna programu moja ya Java pamoja na kanzidata ya PostgreSQL. Siku za kawaida hatuna shida. Mwisho wa mwezi, taarifa za malipo ya simu zinapomiminika, programu inakwama na kuandika java.lang.OutOfMemoryError: unable to create native thread. Nikiangalia RAM, karibu GB 6 bado ziko wazi. Fundi mmoja alisema ninunue RAM. Mwingine akasema niweke unlimited kwenye limits.conf, nimeweka, nimewasha seva upya, hali ni ile ile. Nikisoma threads-max naona zaidi ya 127,000, lakini sisi tunakwama thredi za seva nzima zikiwa elfu tano na kitu. Nani alipanga namba hizi? Na nikitaka kupanga mwenyewe, kikomo cha busara ni kipi?"

Ndugu msomaji, pole kwa hekaheka za mwisho wa mwezi. Maelezo yako yanatosha kuanza kazi hata kabla ya kuiona seva. Usinunue RAM kwa sababu ya ujumbe huu, na ile unlimited iondoe. Kikomo kilichokukamata, kwa uwezekano mkubwa sana, ni 4,915, na aliyekiweka si kerneli, yaani kiini cha Linux, bali systemd, ile programu inayoziwasha na kuzisimamia huduma zote za seva yako. Nitakueleza kinatoka wapi, kisha nitakueleza kwa nini sitaki ukimbilie kukipandisha.

Tuanze na ujumbe wenyewe, kwa sababu neno OutOfMemory limewapoteza wengi. Programu ya Java inapotaka thredi mpya, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, ombi linashuka hadi kwenye kerneli. Kerneli ikikataa hujibu EAGAIN, kwa maana ya "kwa sasa haiwezekani", bila kusema ni kikomo gani kilichofikiwa. Java hulichukua jibu hilo na kulitangaza kama tatizo la kumbukumbu. Soma sentensi yote kwenye logi yako na utaona inaendelea: possibly out of memory or process/resource limits reached. Yaani Java yenyewe inakiri kwamba huenda si kumbukumbu, huenda ni kikomo. Wewe una GB 6 zilizo wazi. Ni kikomo.

Sasa vikomo vyenyewe. Kwa Linux, thredi si kitu kidogo kilichojificha ndani ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa. Kerneli huihesabu kama kazi kamili: inapewa namba yake kutoka fungu lile lile la namba za michakato, inapangiwa zamu kwenye prosesa, na inatengewa steki yake, kipande cha kumbukumbu cha kufanyia kazi, ndani ya kerneli. Kwenye mashine za x86 za biti 64, steki hiyo ni KB 16 tangu Linux 3.15 ya mwaka 2014. Kabla ya hapo ilikuwa KB 8. Kumbukumbu hii haiwezi kuhamishiwa kwenye diski RAM ikibana. Ikishachukuliwa, imechukuliwa hadi thredi ife.

Ndiyo maana mashine inapowaka kerneli hufanya hesabu moja rahisi: inachukua RAM yote, inaigawanya kwa nane, kisha inauliza ni steki ngapi za thredi zitaenea kwenye sehemu hiyo moja ya nane. Kwako wewe, GB 16 ukigawa kwa nane unapata GB 2, na ndani ya GB 2 zinaingia steki 131,072 za KB 16. Toa ile RAM ambayo kerneli imejitengea yenyewe mapema, unabaki na hiyo 127,000 na kitu uliyoiona kwenye threads-max. Nusu yake, kama 63,000, ndiyo inayokuwa kikomo cha awali cha kila mtumiaji, kile unachokisoma kwa amri ya ulimit -u.

Ona kwamba hesabu hii haikuuliza unaendesha nini. Kerneli haijui kama wewe ni ushirika wa akiba au kituo cha utabiri wa hali ya hewa. Inajua ukubwa wa RAM tu, na inalinda jambo moja: mashine isife. Kwa hiyo 127,000 usiisome kama ushauri kwamba seva yako inaweza kufanya kazi vizuri na thredi 127,000. Ni ukuta wa mwisho, na kuufikia ni balaa. Kikomo hiki cha mfumo mzima hakimwachi hata root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Kikifikiwa, huwezi kuingia kutoka mbali kwa ssh, kwa sababu kila anayeingia anahitaji mchakato mpya. Hata aliyekwisha kuingia akiandika ls, ile amri ya kuorodhesha mafaili, haitaendeshwa, maana ls nayo ni mchakato mpya. Kinachobaki kwake ni amri zilizo ndani ya bash yenyewe, ile programu inayopokea amri zake, kama echo na kill. Ihifadhi hiyo kill akilini: ikiwa una dirisha lililo wazi na unaijua namba ya mchakato mkorofi, unaweza kuuzima bila kuhitaji mchakato mwingine.

Chini ya ukuta huo ndipo vinapokuja vikomo vidogo vidogo, na hapo ndipo fundi wako wa pili alipokosea. Faili la limits.conf husomwa na PAM, sehemu ya Linux inayoshughulikia uingiaji, mtu anapoingia kwenye mfumo: kwa ssh, kwa su, kwa skrini ya kuingilia. Huduma inayowashwa na systemd haipiti huko. Ungeweza kuandika unlimited kila mstari na programu yako ya Java isijue. Ukitaka kuona vikomo ambavyo mchakato unavyo kweli, soma faili la limits ndani ya /proc chini ya namba ya mchakato huo. Hapo hakuna kubahatisha.

Kuna jambo jingine kuhusu kikomo cha mtumiaji ambalo watu hawalitarajii. Kinahesabu thredi zote za mtumiaji yule kwenye seva nzima, siyo za programu moja. Huduma mbili zikiendeshwa kwa jina moja la mtumiaji, zinakula fungu moja, na moja ikifura nyingine inanyimwa. Root hazuiwi nacho kabisa, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamua kuendesha huduma kama root ili "tatizo liishe". Usifanye hivyo kwenye mashine yenye fedha za wanachama. Utakuwa umebadilisha tatizo la thredi na kupata tatizo la usalama.

Tukifika kwenye systemd, historia yake inafaa kuijua kwa sababu inajibu swali lako la nani alipanga namba. Mwaka 2015 kerneli 4.3 ilileta uwezo wa kuhesabu na kuzuia kazi ndani ya kundi la michakato, yaani cgroup. Mwaka huohuo systemd 228 ikautumia kuipa kila huduma kikomo cha awali cha kazi 512. Nia ilikuwa njema: huduma moja ikiharibika isizame na mashine nzima. Lakini 512 ilikuwa ndogo mno kwa programu halali zenye thredi nyingi, na mwaka 2016, toleo la 231, namba hiyo iliachwa, ikawekwa asilimia 15 badala yake. Asilimia 15 ya nini? Ya kile kilicho kidogo zaidi kati ya vikomo vya mfumo. Kwenye Debian 10 kilicho kidogo ni pid_max, idadi ya namba za michakato zinazoweza kutolewa, ambayo kwa kawaida ni 32,768. Asilimia 15 yake ni 4,915. Ongeza thredi za PostgreSQL, za kerneli yenyewe na za huduma ndogondogo, unapata elfu tano na kitu ulizozihesabu.

Hakikisha mwenyewe. Andika systemctl status na jina la huduma yako wakati imekwama, utazame mstari wa Tasks. Utaona idadi ya sasa na kando yake limit: 4915. Tafuta pia kwenye logi ya kerneli maneno fork rejected by pids controller. Mstari huo huandikwa kundi linapokataliwa kwa mara ya kwanza tu, kwa hiyo usitarajie kuuona mamia ya mara. Idadi kamili iko kwenye faili la pids.events la kundi hilo.

Kama yote haya yanalingana, unaweza kupandisha kikomo hicho cha huduma kwa kuandika TasksMax=20000 kwa systemctl edit, ukawasha huduma upya, na ujumbe ukatoweka. Wengi huishia hapo. Mimi nakusihi usiishie hapo, kwa sababu swali lenye uzito bado hatujalijibu: ushirika mmoja unahitaji thredi 4,900 za nini?

Kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, na kwa kazi yetu hii haina mbadala. Idadi ya maombi yaliyo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni maombi yanayoingia kwa sekunde mara muda ambao kila ombi linakaa. Tuseme mwisho wa mwezi mnapokea taarifa 40 kwa sekunde, na kila moja inahudumiwa kwa nusu sekunde. Hapo zinahitajika thredi 20. Ishirini! Sasa kanzidata ipunguze kasi, kila taarifa ichukue sekunde 30: thredi zinafika 1,200. Ikichukua dakika mbili, unafika 4,800. Idadi ya wanachama wenu haikubadilika hata kidogo. Kilichorefuka ni kusubiri. Thredi 4,900 ni dalili kwamba kuna mahali kila kitu kinangoja, na karibu zote hazifanyi kazi yoyote kwa wakati ule.

Zinangoja nini? Kwenye mpangilio kama wako mara nyingi ni kanzidata. PostgreSQL kwa mpangilio wake wa awali hupokea miunganisho 100. HikariCP, maktaba ambayo programu nyingi za Java huitumia kushika miunganisho, huanza na 10. Ikiwa miunganisho ni 10, thredi 4,900 zinapanga foleni kwa nafasi 10, na kuongeza thredi ni sawa na kuajiri wahudumu hamsini kwenye mgahawa wenye jiko moja. Angalia pia jinsi programu inavyozianzisha. Kama mwandishi wake alitumia Executors.newCachedThreadPool, au anaanzisha thredi mpya kwa kila taarifa inayoingia, basi ndani ya programu hakuna breki hata moja. Ile 4,915 ya systemd ndiyo breki pekee mliyokuwa nayo, na ilifanya kazi yake: PostgreSQL iliendelea kupumua, nawe uliweza kuingia na kunihesabia thredi.

Ili uone zinangoja wapi, wakati wa msongamano endesha jcmd, amri inayokuja na Java, na namba ya mchakato, kisha Thread.print. Utapata orodha ya thredi zote na mstari wa programu ambao kila moja imesimama. Ukiona mamia kwa mamia zimesimama mstari mmoja, umempata mchawi wako. Orodha hiyo unaweza kumpelekea aliyeandika programu. Lakini usimpe mtu picha ya kumbukumbu nzima ya Java, ile ya heap, kwa urahisi hivyo. Ndani yake mna majina, namba za simu na salio za wanachama.

Sasa kikomo cha busara. Mimi hupanga kuanzia ndani kwenda nje, na kila kikomo cha nje kiwe kikubwa kuliko cha ndani, ili anayekataa wa kwanza awe ndiye anayeweza kukataa kwa adabu. Programu ikijua kwamba ina thredi 200 za kuhudumia na foleni yenye mwisho, ikijaa inaweza kumjibu mtumaji "rudia baada ya muda" na hakuna kinachoharibika. Kerneli ikikataa, inakataa katikati ya shughuli yoyote ile, hata thredi ya kufanya usafi au ya kuandika logi.

Kwa seva yako ningeanza na thredi 200 za kuhudumia maombi. Tomcat, seva maarufu ya programu za Java, nayo huja na hiyo hiyo 200, na ni mwanzo mzuri kwa mashine ya ukubwa huu. Weka muda wa mwisho wa kusubiri kwenye kila wito wa kanzidata na wa mtandao, sekunde chache, usiache wito unaongoja milele. Java ina thredi zake za ndani, za kukusanya taka za kumbukumbu na za kutafsiri msimbo, pengine makumi kadhaa. Endesha hivyo mwezi mzima, upime kilele, kisha weka TasksMax mara mbili au tatu ya kilele hicho. Nadhani utajikuta kati ya 600 na 1,000. Naam, ni chini ya ulichonacho leo. Threads-max na pid_max usiziguse, hakuna sababu. Na PostgreSQL iendelee kuwa huduma yake, kwa mtumiaji wake, na kikomo chake.

Je, yupo anayehitaji zaidi? Yupo. Kuna programu za ujumbe zinazoshika makumi elfu ya miunganisho iliyo wazi, na kwao kupandisha TasksMax ni halali, mradi wamepima. Hata hao watakutana na ukuta mwingine wasioutarajia: max_map_count, idadi ya vipande vya kumbukumbu ambavyo mchakato mmoja unaruhusiwa kuwa navyo, kwa kawaida 65,530. Kila thredi hutumia angalau viwili, steki yake na ukurasa wa ulinzi kando yake, kwa hiyo mchakato mmoja hukwama kabla ya thredi 33,000 hata ukifungua kila kitu kingine. Kwa mzigo wa namna hiyo, Java 21 ya mwaka 2023 ilileta thredi pepe, ambazo nyingi hubebwa na thredi chache za kerneli. Ni kitu kizuri sana, lakini hakitaongeza hata muunganisho mmoja kwenye kanzidata yako.

Kuhusu RAM, niondoe hofu moja ambayo huenda fundi wa kwanza alikuwa nayo. Java kwenye Linux ya biti 64 huipa kila thredi steki ya MB 1, na ukizidisha kwa 4,915 unapata karibu GB 5, namba inayotisha. Lakini hizo ni anwani zilizotengwa. Ukurasa wa RAM huchukuliwa pale thredi inapouandika kweli, na thredi inayongoja tu huandika kidogo. Upande wa kerneli, steki 4,915 za KB 16 hazifiki MB 80. Kwenye amri ya top, tazama safu ya RES, RAM inayotumika kweli; VIRT, anwani zilizotengwa, isikunyime usingizi.

Jambo la mpangilio wa mbele: msaada wa muda mrefu wa Debian 10 uliisha Juni 2024, na seva inayoshika fedha haifai kubaki huko. Unapohama, jua kwamba tangu systemd 243 ya mwaka 2019, pid_max kwenye mashine za biti 64 hupandishwa hadi 4,194,304. Kidogo zaidi sasa kitakuwa threads-max, na asilimia 15 yake kwako ni kama 19,000. Programu ileile yenye kasoro itaruhusiwa kufura mara nne zaidi kabla ya kusimamishwa, na safari hiyo huenda RAM ikaisha kweli. Kwa hiyo TasksMax iandike wazi kabla ya kuhama, usiiachie namba ya awali.

Kuna mambo ambayo sitaki uyashughulikie kwa kusoma jibu hili peke yake. Thredi ilipokataliwa, huenda malipo fulani yaliandikwa nusu: fedha zimepokelewa kwa mtoa huduma wa simu, akaunti ya mwanachama haikuongezwa. Kaa na mhasibu na aliyeandika programu, mlinganishe taarifa za malipo na vitabu kwa kila siku mliyokwama, na mhakikishe kwamba taarifa ikitumwa mara mbili haihesabiwi mara mbili. Hilo lifanyike kabla ya kugusa kikomo chochote. Ukiona thredi zinapanda usiku wakati hakuna maombi, au michakato yenye majina usiyoyajua, mwite mtu wa usalama wa mifumo afike kwenye mashine yenyewe, wala usiiwashe upya kabla hajaiona, maana ushahidi mwingi uko kwenye RAM. Na kama aliyeandika programu hawezi tena kuirekebisha au hapatikani, tafuta mwandaaji programu wa Java aliye karibu nawe, mpe ile orodha ya Thread.print, na ombi lako liwe moja: aweke kundi la thredi lenye mwisho na muda wa kusubiri wenye mwisho. Kwa mtu anayeijua kazi si marekebisho makubwa. Yajaribuni kwenye mashine ya majaribio kwa taarifa bandia 40 kwa sekunde, kanzidata ikiwa imecheleweshwa makusudi, kabla ya tarehe 25.